Walimu wa au pair: mbona wanafunzi wetu wenye alama kubwa ndio wanaogombana na familia wenyeji?

#1 Mwalimu Kalamu (mleta mada)
Salaam wakuu. Nafundisha Kijerumani vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya ugenini akisaidia kulea watoto, naye anapewa chumba, chakula na posho. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, nalitua hapa.

Kila kundi likishaondoka, wanaonipigia simu usiku wakilia si wale waliopenya mtihani wa A1, ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, kwa kubahatisha. Ni wale wa tisini na kitu kwa mia, waliokuwa wakinisahihisha hata mimi. Yule wa sitini na mbili, ambaye niliapa hatafika hata uwanja wa ndege, ananitumia picha yuko kwenye theluji na watoto wa familia, anacheka meno yote nje.

Dai langu ni hili: cheti cha A1 hakimwandai mtu kuishi ndani ya nyumba ya watu. Sisi walimu tunalijua hilo vizuri, tunanyamaza tu kwa sababu ada inalipwa kwa ajili ya cheti. Walimu wenzangu, mliokwisha kuwa au pair, na wazazi wenyeji kama mpo, njooni mnipinge. Nataka kujua hawa wa tisini wanaangushwa na nini.

#2 Kiti cha Mbele
Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 Bintisafari
Mwalimu, mimi nilikuwa wa tisini, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Darasani nilijifunza kukata tiketi ya treni, kuuliza saa ngapi posta inafunguliwa, kujaza fomu ya hoteli. Kufika kule, jioni ya kwanza mtoto wa miaka mitatu analia, anatoa maneno nusunusu ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mtoto mdogo hasemi sentensi kamili yenye kitenzi mahali pake, anasema kipande na kukuonyesha kidole, ukichelewa anajitupa sakafuni. Posta sijawahi kuingia hadi leo.

Ila si hilo lililoniponza. Mama wa familia alinielekeza mashine ya kufulia, chumba cha taka na ratiba ya mtoto wa shule, yote kwa mkupuo mmoja. Mimi nikajibu "nimeelewa" kwa matamshi safi kabisa, kama nilivyofunzwa. Matamshi yangu yalimdanganya. Mwenye alama ndogo anaonyeshwa kwa vidole, anarudiwa mara tatu, anaandikiwa kwenye karatasi na kubandikiwa kwenye friji. Mwenye matamshi mazuri anaambiwa mara moja, na akikosea inaonekana ni mvivu au jeuri. Hakuna anayefikiri kwamba hakuelewa.

#4 Pilipili Kavu
Kwa hiyo mwalimu bora ni yule anayefundisha vibaya? Basi tufunge madarasa, tuwapeleke bubu.

Jamani, acheni kuwasingizia wanafunzi. Tatizo ni wakala. Wakala anaiandikia familia kwamba binti amelea watoto tangu utotoni, anapika, anaogelea, anaendesha baiskeli. Binti akifika, baiskeli anaiona kama mnyama. Huyo wa tisini ndiye wasifu wake ulipambwa zaidi, kwa sababu ndiye aliyeuzika.

#5 Mzee wa Vifungu
Nyote mnazunguka mbuyu. Watu wanagombana kwa sababu hawajui mkataba. Nauliza walimu: mkataba mnausoma darasani, au mnawaachia wausome kwenye ndege?

Ujerumani mambo yako wazi. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki, na kwa kawaida isizidi saa 6 kwa siku. Mapumziko ni siku moja na nusu kila wiki, na jioni nne huru. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 kwa mwezi kwa kozi ya lugha. Bima ya ugonjwa, ujauzito na ajali inalipwa na familia. Kwa mwaka mzima, likizo ni wiki nne zenye posho. Chumba ni chako mwenyewe. Umri usiwe umefikisha miaka 27 siku unayoomba viza. Haya yote yametoka kwenye Mkataba wa Strasbourg wa 1969, mkataba wa nchi za Ulaya kuhusu au pair, ambao Ujerumani iliuridhia.

Mwanafunzi akiyajua haya hagombani na mtu, anafungua karatasi tu.

#6 Karani wa Zamani
Mzee wa Vifungu, shikamoo, lakini hapo mwishoni umeteleza. Ujerumani ilitia saini Mkataba wa Strasbourg, haikuuridhia. Walioridhia ni Denmark, Ufaransa, Italia, Norway na Hispania. Luxembourg iliingia, baadaye ikajitoa. Tena mkataba wenyewe unasema saa 5 kwa siku, siku moja kamili ya mapumziko kwa wiki, na umri miaka 17 hadi 30. Hizo saa 30 na jioni nne ni taratibu za Ujerumani yenyewe.

Na msidhani kuridhia kunalinda mpango wenyewe. Norway iliridhia, lakini tangu Machi 15, 2024 imefunga kabisa mpango wa au pair, haipokei maombi mapya.

#7 Mzee wa Vifungu
Marahaba. Saini au ridhia, posho ni 280 au si 280?

#8 Karani wa Zamani
Ni 280.

#9 Mzee wa Vifungu
Basi tuendelee.

#10 Mama wa Wawili
Niseme kutoka upande wa pili wa meza. Mimi niko Ujerumani, mume wangu ni wa hapa, na tumewahi kukaribisha ma-au pair kutoka nchi mbalimbali.

Aliyenishinda kabisa alikuwa na Kijerumani kizuri kuliko wote. Asubuhi anashuka, amevaa, amechana nywele, anasimama karibu na mlango wa jikoni anasubiri. Nikimwagiza jambo analifanya vizuri ajabu. Akimaliza anarudi kusimama. Mtoto yuko pale anamwaga maziwa, yeye ananitazama mimi aone nitasema nini. Nilifikiri hanipendi. Kumbe alikuwa anafanya alichosifiwa shuleni maisha yake yote: kaa kimya, jibu ukiulizwa, usiguse kisicho chako.

Walimu, mwanafunzi wenu bora ni yule anayejibu. Nyumbani kwangu nilihitaji anayeuliza. Huyo wa sitini na mbili pengine ni msumbufu darasani, anauliza ovyo, anacheka ovyo, na watoto wanampenda kwa hilo hilo.

#11 Kichwa Ngumu
Mama wa Wawili, kwa heshima zote, maneno mazuri, lakini mimi nasikia mtu anayetaka mfanyakazi wa nyumbani anayejiongeza kwa euro 280. Mfanyakazi wa kweli mngemlipa mshahara.

#12 Mama wa Wawili
Mwanangu, sijachukia, hilo swali ni la haki. Ninachotarajia ni vitu vya mtoto: nguo zake, chumba chake, kifungua kinywa chake, kumpeleka na kumchukua chekechea, na kusaidia kidogo kama mtu yeyote anayeishi humo ndani. Kusugua nyumba nzima si kazi ya au pair, na kumuuguza bibi mgonjwa pia si kazi yake. Zipo familia zinazofanya hayo, sikatai, na zinajua kabisa zinachofanya. Ndiyo maana nasema afundishwe kuuliza. Anayesubiri kuagizwa ataagizwa chochote.

#13 Kiti cha Mbele
Hapo umenena, mama. Kichwa Ngumu, kunywa maji.

#14 Nesi Mstaafu
Nimesoma yote na sijaona mtu akimtaja mtoto mwenyewe. Mnajadili lugha, mkataba na hisia za watu wazima.

Nimewahi kufundisha vijana wanaokwenda Marekani kuwa au pair kwa viza ya J-1, ile ya mabadilishano ya utamaduni. Kule kanuni ya serikali inadai mafunzo kabla ya kukabidhiwa watoto: saa zisizopungua 8 za usalama wa mtoto na zisizopungua 24 za ukuaji wa mtoto, na katika kila fungu saa 4 ziwe za watoto wachanga na wadogo. Ili upewe familia yenye mtoto chini ya miaka miwili, lazima uwe na rekodi ya saa 200 za kulea watoto wa umri huo. Mtoto chini ya miezi mitatu huachiwi peke yako, mzazi au mtu mzima mwingine anayewajibika lazima awepo nyumbani.

Ujerumani, unachoonyesha kwa cheti ni A1. Kwa hiyo mwalimu wa lugha anajikuta ndiye mwalimu pekee ambaye kijana anakutana naye kabla ya kukabidhiwa kiumbe cha miezi minane. Sasa mwalimu huyo amemwambia kwamba mtoto mchanga analazwa chali, si kifudifudi? Kwamba hatikiswi hata akilia usiku kucha, kwa sababu ubongo unaweza kuvuja damu? Kwamba haachwi kwenye beseni hata kwa kwenda kuchukua taulo? Kwamba namba ya dharura Ulaya ni 112, na ukipiga unaanza na anwani? Niliwahi kumuuliza binti mwenye Kijerumani cha kupendeza anwani ya familia anayoiendea, akaitafuta kwenye simu.

Mzazi akiona mikono yako inatetemeka ukimshika mwanawe, hata useme kishairi hatakuamini. Ugomvi unaanzia hapo, na utasikia wakisema ni taka hazikutenganishwa.

#15 Pilipili Kavu
Saa 32 jumla? Hizo ni siku nne, nesi. Mtu anakuwa mlezi kwa siku nne?

#16 Nesi Mstaafu
Hawi mlezi. Anakuwa mtu anayejua asichokijua. Na ni afadhali ya siku nne kuliko hakuna. Nikuongezee: huko huko Marekani wanaruhusiwa kufanya hadi saa 45 kwa wiki na saa 10 kwa siku, kwa hiyo usije ukadhani nawasifia kila kitu.

#17 Mwalimu Kalamu (mleta mada)
Asanteni, uzi umechangamka. Nesi, umenigusa. Kwenye kitabu chetu somo la mwili lina sentensi "ninaumwa kichwa". Hakuna "mtoto ameanguka kutoka kwenye ngazi, anapumua, amefumba macho". Nikilitunga mwenyewe wanafunzi wananiambia, mwalimu, hilo halimo kwenye mtihani.

#18 Jirani wa Manila
Ngoja niwaletee mfano wa nchi iliyolichukua jambo hili kwa uzito. Ufilipino mwaka 1998 ilizuia raia wake kwenda Ulaya kama au pair kwa sababu ya malalamiko ya unyanyasaji. Mwaka 2010 ikafungua kwa Uswisi, Norway na Denmark, na 2012 kwa Ulaya kwa jumla. Lakini haikufungua mlango tu. Anayeondoka hupitia semina ya Tume ya Wafilipino walio Ng'ambo, chombo cha serikali, anaelezwa nchi anayoiendea, haki zake, na pa kukimbilia mambo yakiharibika.

Tofauti iko kwa mwalimu. Anayeendesha semina ile halipwi na wakala wala na familia, hapati kitu ukienda wala ukibaki, kwa hiyo anaweza kukuambia "usiende kwa familia hii". Mwalimu Kalamu, wewe unaweza kumwambia mwanafunzi usiende?

#19 Kichwa Ngumu
Swali zito hilo. Tunasubiri jibu hapa hapa.

#20 Mwalimu Kalamu (mleta mada)
Naweza. Lakini mwanafunzi ameshalipa wakala, ameshalipa mtihani, na nyumbani wameshamuaga. Nikimwambia usiende, anahama darasa, anakwenda kwa mwalimu wa ng'ambo ya barabara.

#21 Ticha Asiyelala
Mwalimu mwenzenu hapa. Mimi nilichoka na vitabu, nikaugeuza mtihani wenyewe. Wanaoujua Start Deutsch 1, huo mtihani wa A1, wanajua sehemu ya mwisho ya kuzungumza: unaokota kadi yenye picha, unatoa ombi. Picha ya kalamu, unaomba kalamu. Nikatengeneza kadi zangu. Picha ya saa: "Leo nimefanya kazi saa saba. Kesho asubuhi naomba nipumzike." Picha ya kalenda: "Tafadhali niandikie ratiba ya wiki." Picha ya mlango: "Naomba ubishe kabla ya kuingia." Ni Kijerumani cha A1 kabisa, sarufi ile ile.

Halafu nacheza mama mwenyeji. Ijumaa jioni nambadilishia ratiba, namwambia kesho tuna wageni, baki na watoto. Nakaza sura. Wengi wanasema "ndiyo, hakuna shida" huku macho yamejaa. Narudia mpaka aseme hapana bila kuomba radhi mara nne.

Sasa jambo linalonishangaza, na ndiyo maana nimekuja kwenye uzi huu: pamoja na hayo yote, wa tisini bado ndio wanaogombana. Tena waliofaulu zoezi langu wanagombana mapema zaidi! Kwa hiyo hoja ya Mama wa Wawili naikubali nusu. Wangu wanauliza. Labda wanauliza mno.

#22 Bintisafari
Ticha, laiti ningekupata wewe. Mimi saa 30 nilizijua kwa kichwa, Mzee wa Vifungu asidhani tulikuwa wajinga. Lakini mezani wamekaa baba, mama na watoto, wote wanakula kwa amani, wewe unatoa karatasi ya mkataba? Unaonekana umeleta polisi. Nilihitaji sentensi moja ya upole ya kusema siku ya kwanza, kabla hatujazoeana vibaya. Siku ya arobaini umeshachelewa, saa nane kwa siku zimeshakuwa desturi ya nyumba.

#23 Mzee wa Vifungu
Binti, mkataba hautolewi wakati wa kula. Unatolewa Jumapili jioni wakati wa kupanga wiki. Na ikishindikana unatoa notisi, kwa kawaida siku 14, unatafuta familia nyingine kwa miezi iliyobaki na kuiarifu ofisi ya wageni. Siyo mwisho wa dunia. Hata hilo walimu hawasemi, ndiyo maana watoto wanapiga simu usiku.

#24 Mbishi wa Hesabu
Naona wote mmeikubali hoja ya mleta mada kwamba wa tisini wanagombana zaidi. Nani kasema? Mwalimu anahesabu simu anazopigiwa. Nani anampigia mwalimu simu? Yule aliyekuwa akikaa mbele, aliyempenda, anayejua namba yake kwa kichwa. Wa sitini na mbili akipata shida anampigia rafiki yake, au anahama familia kimyakimya. Kwa mwalimu anatuma picha tu, kwa sababu mwalimu hakuwahi kumwamini na sasa anataka kumwonyesha.

Hakuna fumbo hapa. Kuna mwalimu anayewasikia wanafunzi nusu.

#25 Pilipili Kavu
Eeh! Uzi umepasuka.

#26 Sitini na Tatu
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi si mwanafunzi wa Mwalimu Kalamu, mwalimu wangu ni mwingine, ila nilivuka kwa alama sitini na tatu na za kuvukia ni sitini. Picha ya theluji nilituma, tena mbili. Wiki ile nilikuwa nimepokonywa ufunguo wa nyumba kwa sababu nilichelewa kumchukua mtoto chekechea. Mwalimu akajibu "hongera sana, umependeza".

Mbishi wa Hesabu, maua yako.

#27 Ticha Asiyelala
Mbishi, hoja yako nzuri lakini haitoshi. Mimi huwatafuta wote baada ya miezi mitatu, waliofaulu sana na waliopenya. Tofauti bado naiona.

#28 Mbishi wa Hesabu
Unawauliza wewe mwenyewe, kwa simu, mwalimu wao. Watakujibu nini?

#29 Kaka Mlezi
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Wanaume tunapokelewa? Nina cheti, nimelea wadogo zangu, lakini kila wakala ananiangalia kama nimepotea njia.

#30 Karani wa Zamani
Kisheria hakuna kizuizi, Kaka Mlezi. Familia nyingi zinaomba wasichana, ndiyo foleni yenu inakuwa ndefu. Familia zenye wavulana wakubwa wanaopenda mpira ndizo za kuzilenga. Ukipata leseni ya udereva inakuongezea uzito, ila ujue mtoto chini ya miaka 12 ambaye hajafika sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake maalumu ndani ya gari. Ukisema hilo kwenye usaili, mama wa familia atakutazama upya.

#31 Pilipili Kavu
Kaka Mlezi anatafuta theluji na yeye.

#32 Nesi Mstaafu
Kabla uzi haujafika kwenye magari na theluji, kuna jambo hakuna aliyeligusa, nalo ndilo lililowarudisha vijana niliowajua. Kofi. Ujerumani tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili, na adhabu ya viboko imekatazwa hata kwa mzazi mwenyewe. Sweden walifanya hivyo tangu 1979. Kijana aliyekulia anapochapwa hawezi kujua hili kwa kuambiwa "usipige". Mtoto wa miaka minne atamtemea mate usoni mbele ya watu sokoni. Aufanye nini mkono wake? Hicho ndicho kinachotakiwa kuzoezwa darasani: kuchuchumaa, kumshika mikono taratibu, sentensi fupi, kuondoka naye. Niliyemfahamu alimfinya mtoto kidogo tu mkononi. Mtoto akasema jioni. Asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni, na Kijerumani chake kilikuwa safi.

#33 Mama wa Wawili
Nakazia. Hilo kwangu halina nafasi ya pili.

#34 Dada B1
Mnaongea kama vile wote tunaenda kwa ajili ya watoto. Tuseme ukweli. Wengi wa tisini wanaitaka Ujerumani, na au pair ndiyo ngazi ya kwanza. Mwaka mmoja tu, haurudiwi, na ukitaka kubaki kwa mafunzo ya ufundi kazini unatakiwa kuwa na B1, ngazi ya tatu ya lugha, karibu kila mahali. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa kwanza unahesabu miezi. Jioni mtoto anataka hadithi, wewe unataka kumaliza zoezi la sarufi. Familia inaona umeweka kitabu kati yako na mtoto wao. Wa sitini hana presha hiyo, ameenda kuona dunia.

Mimi nilikuwa hivyo. Nilipata B1. Watoto wale sijui hata kama wananikumbuka.

#35 Mama wa Wawili
Asante kwa ukweli wako, Dada B1. Ila basi mtuambie! Nikisoma barua za maombi, zote zinaanza "napenda sana watoto". Zote. Kutoka nchi tofauti. Mtu akiniandikia kwamba anataka B1 ifikapo Mei, nitampangia kozi ya jioni na nitajua siku zipi nisimguse. Barua hizi anaziandika nani?

#36 Kichwa Ngumu
Mwalimu Kalamu, unaitwa.

#37 Mwalimu Kalamu (mleta mada)
Barua siandiki, nasahihisha sarufi tu.

#38 Pilipili Kavu
Kwa hiyo sarufi ndiyo inayopenda sana watoto?

#39 Mwalimu Kalamu (mleta mada)
Cheka tu. Mwanafunzi akiandika "nataka B1, nataka kujifunza uuguzi", wakala anamrudishia barua, anasema familia hazipendi. Mama wa Wawili anasema anapenda. Familia nyingine kumi zitampita. Nimshauri amtegemee mama mmoja?

#40 Jirani wa Manila
Umeona sasa? Tunarudi pale pale kwa nani anamlipa mwalimu.

#41 Pilipili Kavu
Mimi nilisema wakala tangu posti ya nne. Mkanipita kama kituo cha basi.

#42 Mgeni wa Jukwaa
Wakuu, nisaidieni haraka. Mdogo wangu ana usaili wa video na familia kesho, watoto wawili, mmoja wa miezi kumi. Aulize nini? Cheti anacho, alama themanini na nane.

#43 Mbishi wa Hesabu
Themanini na nane. Tayari ana kesi.

#44 Mzee wa Vifungu
Aulize saa kwa siku, siku za mapumziko, na nani analipa kozi. Aombe ratiba ya wiki kwa maandishi. Na aangalie tarehe ya cheti, ubalozi unataka kisiwe kimepita miezi 12.

#45 Nesi Mstaafu
Aulize mtoto wa miezi kumi analala vipi, ana mzio wa nini, na saa ngapi atabaki naye peke yake. Aseme ukweli kama hajawahi kumbadilisha mtoto nepi.

#46 Bintisafari
Azungumze kwa Kijerumani cha kawaida. Asijikaze kuwapendeza. Asipoelewa aseme "sijaelewa" hata kama amekaribia kuelewa.

#47 Ticha Asiyelala
Aombe kuongea na au pair aliyetangulia. Familia ikisita hapo, asubiri familia nyingine.

#48 Mama wa Wawili
Ticha, hapo tupingane. Au pair aliyetangulia anaweza kuwa aliondoka vibaya kwa makosa yake mwenyewe, na familia ikasita kwa kumsitiri. Mimi ningependa aniulize jambo moja: "siku ngumu ya kawaida kwenu inakuwaje?" Mzazi anayejibu hilo kwa kucheka na kwa mifano, huyo ni mtu wa kuishi naye.

#49 Ticha Asiyelala
Au ni mtu aliyezoea usaili.

#50 Mgeni wa Jukwaa
Mrejesho. Usaili umeisha. Ameuliza kama chumba chake kina ufunguo, wakamwonyesha kwa kamera, kipo. Siku ngumu mama ameeleza mpaka baba akamkatiza. Au pair aliyepita wamempa namba yake. Swali la saa kwa wiki wamesema watajibu kwa barua pepe.

#51 Kichwa Ngumu
Ikija, iweke hapa kabla hajasaini.